Hujampiga, lakini unaganda akilia

Dada uliyeuliza, nimelisoma swali lako mara mbili. Ulikulia kwenye vipigo, ukaapa hutamnyanyulia mwanao mkono, na kiapo umekishika. Ila ana miezi minane sasa, akilia unaganda, na unataka kujua kama yaliyokupata yanamfikia. Kwa niliyopitia, yanafika. Kwangu yalipitia usoni.

Nilikuwa nampakata mwanangu, mwili upo, mimi sipo. Mlango ukibamizwa tu, nishaenda mbali. Siku moja akanishika kidevu kwa viganja viwili, akanigeuza nimtazame, akacheka. Nikashindwa kucheka. Akajaribu tena, kisha akaniachia, akaanza kuchezea kifungo cha gauni langu.

Baadaye mnasihi alinisimulia jaribio la Edward Tronick, mwanasaikolojia wa Marekani, la miaka ya 1970. Mama anacheza na mtoto, halafu anaukausha uso kwa dakika chache. Mtoto anatabasamu, ananyoosha mikono, anapiga kelele. Asipojibiwa anatazama pembeni. Nililia pale pale, kwa kuwa kile kifungo nilikuwa nakijua. Lakini Tronick huyohuyo alionyesha kwamba hata mama asiye na shida yoyote hupishana na mwanawe muda mwingi, na kinachomjenga mtoto ni kule kurudiana. Hapo ndipo nilipopata nguvu. Tangu siku ile nikirudi namwambia: "Mama alikuwa mbali kidogo. Si kosa lako. Nimerudi." Maneno alikuwa hayajui bado, sauti aliijua.

Wanaokwambia "mbona sisi tulikua hivyohivyo", waache. Mama yangu aliweza kunyamaza siku nzima, na sisi watoto tukitembea kwa kunyata, kila mmoja akijitafutia kosa lake. Simlaumu. Hakuna aliyewahi kumuuliza ana nini.

Wewe nenda kliniki ya mama na mtoto, uombe wakupime sonona. Lipo dodoso la Edinburgh la mwaka 1987, maswali 10 tu, halichukui muda. La mwisho linahusu mawazo ya kujidhuru. Likikugusa, usilifiche, mwambie mtu siku hiyohiyo. Na vile vipigo vya utotoni vitaje kwa jina. Mimi nilitaja kukosa usingizi peke yake, nikaambiwa nipumzike, na ukapita karibu mwaka mzima kabla sijarudi kusema lililobaki.