Paswedi moja kila mahali, mpaka akaunti ikaibiwa

SWALI: Habari za kazi kaka. Nauza vitenge mtandaoni hapa Mwanza. Mwezi uliopita nimeamka asubuhi nakuta akaunti ya biashara siwezi kuingia, mtu kabadilisha imeili na namba ya simu na anawaomba wateja wangu hela za oda. Nimeirudisha baada ya siku tisa. Paswedi yangu ilikuwa jina la mwanangu na mwaka aliozaliwa, ile a nikaweka @, nikajua hapo nimemaliza, na ndo hiyo hiyo natumia kila sehemu kuanzia imeili mpaka kule nilikojiandikisha kuangalia tamthilia. Sasa nikiweka tofauti tofauti nitazikumbukaje zote? Mama wawili, Mwanza.

JIBU: Pole sana dada yangu, siku tisa watu wanatapeliwa kwa jina lako inauma. Kabla hujaendelea kusoma, kabadilishe kwanza paswedi ya imeili, maana mwizi akishaingia humo kazi yake ni kubonyeza tu "umesahau paswedi" kwenye akaunti zako zingine na linki zote zinamfikia yeye. Ukiwa humo humo angalia simu na kompyuta zilizoingia, usizozijua zitoe, na namba ya kurejesha akaunti hakikisha ni yako.

Hiyo @ haikusaidii, programu za wezi zinajua siku nyingi kwamba watu tunaweka @ badala ya a na 0 badala ya o. Na mara nyingi hata hawakisii. Mwaka 2009 kampuni ya Marekani inaitwa RockYou ilivamiwa, zikavuja paswedi zaidi ya milioni 32 zilizokuwa zimehifadhiwa wazi wazi, iliyoongoza ikiwa 123456, na orodha ile mpaka leo inatumika kujaribia akaunti za watu. Kwa hiyo ule mtandao wa tamthilia ukivuja, imeili yako na paswedi yako vinajaribiwa kila sehemu, na kwako vingefungua kote.

Kukumbuka zote hata mimi siwezi. Kumbuka mbili tu, ya imeili na ya programu ya kutunza paswedi, mfano Bitwarden, ya bure inatosha kabisa, hizo zingine itakutungia na kukutunzia yenyewe. Hizo mbili ziwe ndefu, maneno manne au matano yasiyohusiana, kama feni muhogo jumanne kibatari godoro (usichukue haya, yameshachapishwa!). Methali usitumie wala mstari wa kaswida, maana kila mtu anaujua. Ukiziandika kwenye daftari ukalifungia kabatini sioni ubaya, mwizi wa mtandaoni hafiki kabatini kwako, ila kujitumia kwenye WhatsApp au kupiga picha, hapana.

Halafu washa uthibitisho wa hatua mbili, yaani ukishaweka paswedi unaombwa pia namba ya siri ya muda mfupi, na kama wanakubali, namba hiyo itoke kwenye programu maalum ya kwenye simu kuliko kuja kwa meseji, kwa sababu kuna watu wanarenew laini ya mtu bila mwenyewe kujua na meseji zote zinaenda kwao. Watakupa na namba za siri za akiba za kuingilia siku simu ikipotea, nazo ziandike kwenye daftari lile lile la kabatini.