Jibu: Wapolandi wa London, ni kweli wanabebana?

Mkuu, umeuliza kwa nini Wapolandi wa London wamejaa Ealing na Hammersmith, maeneo ya magharibi mwa jiji hilo, na kama kweli wanabebana. Mizizi ni ya zamani. Sheria ya mwaka 1947 iliwaruhusu wanajeshi wa Poland waliopigana upande wa Uingereza kubaki na familia zao. Wakaanzisha parokia, shule za Jumamosi, baadaye na POSK, kituo cha utamaduni wa Kipolandi, pale mtaa wa King Street, Hammersmith. Poland ilipoingia Umoja wa Ulaya tarehe 1 Mei 2004, wengi wa wageni wapya walishukia mlemle. King Street hiyohiyo kulikuwa na dirisha la duka lililojaa vikaratasi vya matangazo: chumba, kazi ya ujenzi, namba ya simu. Wenyewe waliliita ukuta wa maombolezo.

Kubebana kupo, tena sana. Ndugu au mtu wa mji wenu anakupa godoro na kazi ya kwanza. Lakini wapo waliotozwa pesa na Wapolandi wenzao kwa kazi isiyokuwepo, na hilo linaniuma kuliko ubaguzi wa wenyeji. Kina mama wengi walipata marafiki wasio Wapolandi kwenye geti la shule, wakisubiri watoto.