Tezi za kando ya aorta: kisu au kimo?

Swali: Daktari shikamoo. Babangu alitolewa kansa ya utumbo mpana mwaka jana, sasa CEA, ile alama ya kansa inayopimwa kwenye damu, imepanda kutoka 3 mpaka 19 na skani imeonyesha tezi mbili za limfu kando ya aorta, ule mshipa mkubwa wa damu utokao moyoni, moja milimita 14 nyingine 17, ini na mapafu safi. Daktari mmoja asema apasuliwe tena, mwengine asema kimo tu, yaani dawa za kuua kansa. Tumfuate nani? (Dada, Likoni)

Jibu: Marahaba dadangu, na poleni sana. Hao madaktari huenda hawapingani vile mwadhani, yote mawili yaweza kuhitajika, suala ni lipi litangulia.

Tezi zinazotolewa pamoja na utumbo ni za jirani. Hizi za kando ya aorta zahesabiwa za mbali, yaani steji ya 4, na najua neno hilo likifika nyumbani watu waanza kulia, lakini tezi mbili pekee, kama ziko chini ya mishipa ya figo na kwengine kote ni safi, huyo si sawa na mtu aliyeenea mwili mzima. Ingekuwa ya shingoni juu ya mtulinga ningekiweka kisu kando.

Kwanza mhakikishe ni kansa. CEA ikipanda hivyo yaelekeza huko, lakini huku kwetu TB nayo yavimbisha tezi, kwa hivyo kama sindano yafika salama, kipande kichukuliwe. PET skani, ile inayowaka penye kansa, yawaka hata kwa TB, faida yake ni kuonyesha kama kuna kwengine.

Mimi ningeanza na kimo, kama miezi mitatu hivi, kisha skani tena. Huko si kupoteza wakati, hapo ndipo kansa yaonyesha tabia yake: zikipungua au zikitulia na hakuna mpya, natoa, lakini zikikua hali yuko kwenye dawa ama kansa ikaingia ini, kisu kitamchosha mzee bure. Na ushahidi tulionao wa upasuaji huu mwingi ni wa mafaili ya wagonjwa waliochaguliwa wakiwa na hali nzuri, so msiahidiwe kupona, hata kazi ikiwa safi mara nyingi yarudi.

Opresheni yenyewe ni kubwa. Utumbo wainuliwa pembeni, aorta waisikia yapiga chini ya kidole, na tezi zimejificha kwenye mafuta kati yake na ile vena kubwa irudishayo damu moyoni, nyuma kuna vijivena vya kiunoni kimoja kikichanika damu yajaa sasa hivi. Mirija ya limfu lazima ifungwe mmoja mmoja, ikiachwa wazi, siku akianza kula mafuta ile paipu ya kutoa maji aliyoachiwa tumboni yatoa maji meupe kama tui. Neva za hapo nazo zikiumia, manii yaweza kurudi kibofuni badala ya kutoka nje, hilo mzee aelezwe faragha na daktari kabla hajatia sahihi.

Mkienda kliniki bebeni sidii ya skani, karatasi ya ripoti haitoshi, na daktari awaonyeshe kwa kidole hizo tezi ziko juu ama chini ya mishipa ya figo.