Fizikia bila maabara: ninachopakua nikifika mjini

Mkuu, umeuliza mwalimu wa fizikia aliye kijijini, mwenye kishikwambi kimoja na mtandao wa kubahatisha, atumie tovuti zipi. Huu ni mwaka wangu wa tisa wa kufundisha somo hilo, na maabara yetu ni kabati. Nakupa nilivyovitumia mwenyewe, wenzangu wataongezea.

Anzia tovuti ya NECTA, Baraza la Mitihani la Tanzania, ila matokeo waachie wazazi. Tafuta taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, kila somo lina yake. Wengi tunachukua mitihani iliyopita na hizi tunazipita. Humo utakuta picha za majibu ya watahiniwa kwa mwandiko wao, la aliyepatia na la aliyekosa, na maelezo ya alipoteleza. Niliposoma ya fizikia mara ya kwanza niliona aibu. Makosa yaleyale nilikuwa nayakata kwa wino mwekundu kila wiki, nikidhani ni uvivu wa wanafunzi wangu tu.

Pili, PhET, ya Chuo Kikuu cha Colorado Boulder. Ni majaribio ya kuigiza, bure, na baadhi yana Kiswahili. Jaribio zima ni faili moja, unalipakua na kulifungua kwenye kompyuta bila mtandao. Mimi natumia sana lile la saketi. Wanafunzi wangu waliamini kwamba balbu ya kwanza "inakula" umeme, ya pili inapata masazo. Maneno yangu hayakuwatoa hapo. Nikaweka ammita, kipimo cha mkondo wa umeme, kabla ya balbu, nyingine baada yake, namba ikawa ileile. Kijana mmoja wa nyuma akasema, "Mwalimu, hiyo ya pili mbovu." Nikazibadilisha nafasi mbele yao. Kimya! Kipindi kikaisha wanabishana wenyewe, nami nimekaa.

Vitabu vya kiada na mihtasari chukua Maktaba Mtandao ya TIE, Taasisi ya Elimu Tanzania. Usichukue kwenye magrupu ya WhatsApp. Nilishanunua huko azimio la kazi, yaani mpango wa kufundishia wa mwaka, kwa elfu tatu, mthibiti ubora akaja, akafunua ukurasa wa pili, akaniuliza shule iliyoandikwa pale ni ya wapi. Na muhtasari uliofuatwa humo ulikuwa wa zamani, kabla ya mabadiliko ya mtaala ya 2023.

Shule yenye kompyuta kadhaa iangalie Kolibri, programu inayobeba masomo ya Khan Academy na mengine bila intaneti. Inahitaji mtu wa kuisimika, usijaribu usiku wa kuamkia kipindi.

Mimi hupakua vyote Jumamosi moja kwa mwezi nikifuata mahitaji mjini, naviweka kwenye flashi mbili, moja inabaki nyumbani. Kama kishikwambi chako ni kile walichogawiwa walimu baada ya kutumika kwenye sensa ya 2022, tafuta na memori kadi, kwangu nafasi iliisha mapema. Na chaji kabla ya saa mbili usiku, sola ya jirani huwa inazimwa.