Kuijali bahari bila kumchukia anayeiharibu: yaliyonikuta Tongoni

Mleta mada, umesema unayapenda mazingira mpaka unakosa usingizi, ila sasa umekuwa mtu wa hasira. Abiria akitupa chupa dirishani kwenye daladala, siku yako imeharibika. Habari za joto la dunia zinakukatisha tamaa, na nyumbani wameanza kukukwepa. Unauliza kama mtu anaweza kujali bila kuhukumu wenzake na bila kununa. Mimi nimepita humo humo. Ni mtu wa Tanga, nimekulia Tongoni, na nitakusimulia yaliyonikuta.

Nilipomaliza chuo nilirudi nyumbani kichwa kimejaa. Tulikuwa vijana kumi na wawili, tukaunda kikundi cha kupanda mikoko. Siku moja maji yamekupwa, tumeshuka pwani na viroba vya mbegu, tukamkuta babu mmoja wa mtaa wa pili anafunga mzigo wa magogo ya mikoko aliyotoka kuyakata. Huyu babu kazi yake ni kuchoma chokaa, na magogo ndiyo kuni zake. Mbele ya wenzangu wote, bila hata shikamoo, nikamwambia makavu: nyinyi ndio mnaotumalizia pwani, kukata mikoko bila kibali ni kosa, nitakupeleka kwa watu wa misitu. Hakunijibu. Alikaza kamba, akajitwika mzigo, akaondoka. Nikajiona nimefanya la maana.

Siku hiyo tulipanda miche mingi sana. Kama hujawahi kupanda mkoko, ni kazi tamu: mbegu yake huanza kuota ikiwa bado mtini, ndefu, kijani, kama fimbo ya mtoto. Hakuna kuchimba shimo. Unaishika wima, ncha chini, unaisukuma kwenye tope mpaka inasimama yenyewe. Sisi tulichagua sehemu iliyo wazi inayotazama bahari, kwa sababu ndiyo iliyoonekana tupu. Ilipovuma kusi, ule upepo mkali wa kutoka kusini, mawimbi yakaing'oa karibu yote. Mwaka wa pili tukarudia palepale. Ikang'oka tena. Mimi nikawa na maelezo tayari: watu wanaing'oa makusudi, watu wa hapa hawapendi maendeleo. Nilikuwa na hasira na kijiji kizima, na kijiji kilinisikia. Kikundi kikabaki watu wanne.

Aliyenitoa huko ni mama yangu. Alinituma kwa yule babu kuchukua chokaa ya kupaka ukuta. Sikutaka kwenda. Akaniambia, "Nenda, na ukifika umwamkie." Nikaenda. Nikasema shikamoo babu, akasema marahaba mwanangu, kaa hapo kwanza, chokaa bado ya moto. Nikakaa kwenye gogo pembeni ya tanuu lake. Tukazungumza habari za mguu wake unaomuuma, bei ya nazi, mjukuu wake aliyekwenda Dar. Sikuuliza habari za mikoko hata kidogo. Nilipoinuka kuondoka ndipo aliposema mwenyewe, taratibu, anapuliza vumbi mkononi: "Ile miche yenu pale mbele haiwezi kukaa. Pale ni pa mlilana. Mkoko unataka tope la horini, ndani kule."

Nilibaki nimesimama.

Miti hii yote kwa jumla tunaiita mikoko, ila kila aina ina jina lake, na mkoko wenyewe ni aina moja tu. Babu yule ameikata tangu ujana wake, kwa hiyo anajua kila mmoja unakaa wapi. Mlilana ndio unaosimama mbele na kupokea mawimbi, na mizizi yake ya kupumulia imechomoza juu ya mchanga kama pembe. Nyuma yake, kwenye tope laini kando ya hori, yaani mkono wa bahari unaoingia nchi kavu, ndipo penye mkoko wenye miguu mingi. Ukizidi kurudi nchi kavu unakutana na mkandaa, na mchu pale ambapo maji ya bamvua tu, yale yanayojaa sana, ndiyo yanafika. Mlilana wenyewe akautaja kwa kazi zake: mataruma, yaani mbavu za mashua, yalikuwa yanatoka humo. Alituona tukipanda pale misimu miwili na alijua tangu siku ya kwanza kwamba itang'oka. Nilipomuuliza mbona hukutuambia, akasema, "Uliniambia mimi mharibifu. Mharibifu atamwambia nini mtu?"

Ndugu yangu, hilo ndilo ninalotaka ulisikie. Watu wengi watakwambia kuhukumu kunakuumiza wewe moyoni, na ni kweli. Mimi kuliniumiza zaidi kwa njia nyingine: kulinifungia mlango wa mtu pekee aliyekuwa na jibu. Misimu miwili ya jasho la vijana ilikwenda na maji kwa sababu sikumwamkia mzee.

Na kuna jambo lilinigusa zaidi nilipofika nyumbani. Magofu yetu ya Tongoni, ule msikiti na yale makaburi ya nguzo ya karne na karne, yamejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Wageni wanakuja kuyapiga picha, na sisi tunajivunia. Mkono unaojua bado kuchoma chokaa ile ni wa babu huyu na wenzake wachache waliobaki, na mimi nilimsimamisha ufukweni kama mwizi.

Umeuliza pia, je, kutohukumu ni kunyamaza? Hapana. Hapa Tanga tumeishi na uvuvi wa baruti. Bomu moja likipigwa mwambani linaua wakubwa na makinda, samaki wengi wanazama bila kuokotwa, na matumbawe yanageuka kifusi ambacho hakishiki kitu kwa miaka. Hilo silionei aibu kulikemea, na nikisikia mlipuko natoa taarifa. Lakini namjua kijana aliyepoteza mkono kwa baruti, na namkumbuka mama yake akipita sokoni watu wanageuza nyuso. Yule mama alikosa nini? Tukiwatenga hata wa nyumbani kwake, nani atabaki wa kumsihi mdogo wa kijana yule asiingie kazi ileile? Mimi yule mama namwamkia, nanunua vitumbua vyake, na mdogo mtu siku hizi ananiuliza mambo ya kikundi.

Wala hili halikuanza na mimi. Mradi wa kuhifadhi pwani ya Tanga ulioanza mwaka 1994 ulianza na vijiji vichache, Kigombe na Kipumbwi vikiwemo, na wanavijiji wenyewe walikaa kutaja shida zao na kukubaliana ni miamba ipi ipumzishwe. Wavuvi walikuwa ndani ya kikao, si nje wakisubiri kukamatwa. Nilikuwa nayajua haya kwa kusoma. Sikuwa nimeyaelewa.

Kwa habari za dunia, nitakuwa mfupi. Mwaka 1998 bahari ilipata joto, matumbawe yakapauka sehemu kubwa ya magharibi ya Bahari ya Hindi, na mwaka 2016 ikatokea tena. Mimi siwezi kuipoza bahari kwa kukasirika. Kwa hiyo habari nasoma asubuhi mara moja, naweka simu, halafu nina ufukwe mmoja ambao naujua hatua kwa hatua. Ukiwa na kipande kimoja cha kwako, huzuni inapata pa kufanyia kazi. Chagua chako, hata kama ni mtaro wa mbele ya nyumba.

Na nyumbani anza na upole. Kabla mifuko ya plastiki haijapigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019, nilikuwa nikimkaripia mama kila anaporudi sokoni na rambo. Siku moja akaniuliza, "Mwanangu, hii mifuko nimeileta mimi duniani?" Yeye amekua akibeba samaki kwa mtungo na vitu kwa kikapu cha ukindu. Rambo zilimkuta mtu mzima. Marufuku ilipokuja alishusha kikapu chake kutoka juu ya kabati, akakipangusa vumbi, akaenda sokoni. Alichohitaji kwangu miaka yote ile ni mtu wa kumshonea mkono wa kikapu uliokatika, na nilikuwa naweza kuushona.

Babu hajaacha kuchoma chokaa. Akipata magogo ya minazi mikongwe anatumia hayo, asipopata sijui anafanyaje, na kuna siku tunalizungumza na kuna siku tunaliacha. Ile sehemu ya mbele tumehamishia miche ya mlilana iliyojiotea chini ya mama zake, kama alivyotuelekeza, na iliyo mingi imepita kusi mbili bila kung'oka. Mirefu imenifika kifuani. Bamvua lijalo tunaingia horini na mbegu za mkoko, na amesema atakuja mwenyewe kutuonyesha tope, mguu ukimruhusu.