Jibu: Damu ya Mbeya na kipimo cha EPO

Kwema mkuu. Unahofia kuishi Mbeya, karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, kutafanya damu yako ionekane ya mwendesha baiskeli aliyejidunga EPO (homoni inayoongeza chembe nyekundu za damu).

Hapana. EPO ya kutengenezwa hutambulika kwenye mkojo kwa umbo lake. Hofu hiyo ni ya enzi za Pantani, mwendesha baiskeli wa Italia aliyetolewa mashindano ya Giro d'Italia 1999 kwa hematokriti (sehemu ya damu iliyo chembe nyekundu) ya asilimia 52, kikomo kikiwa 50. Tangu 2008 kuna pasipoti ya kibayolojia, yaani rekodi ya vipimo vyako vya damu: unalinganishwa na wewe mwenyewe.

Siku ya kupimwa, kwanza angalia fomu ya kipimo. Pakiulizwa wiki mbili zilizopita ulikuwa juu ya mita 1,500, jaza ndiyo, usiparuke. Kisha kaa kitini dakika 10, miguu sakafuni, ndipo utolewe damu, maana kusimama huifanya damu iwe nzito zaidi.