Mjomba alinitenda nikiwa mtoto. Je, nimechelewa kushtaki?

SWALI: Wakili, nina miaka 29, mzaliwa wa Kilifi. Kuanzia 2007, nikiwa na miaka 10, mjomba aliyekuwa akiishi kwetu alinichezea usiku kwa karibu miaka miwili. Hakuniingilia, na dadangu asema kwa hivyo hakuna kesi. Nilimwambia mama nilipofika miaka 15. Wazee wakaitwa, mjomba akatozwa mbuzi, nikaambiwa yameisha. Sasa amerudi kukaa kwetu, na dadangu ana watoto mle ndani. Mama asema nikifungua mdomo nitawavua nguo wote. Sina cheti cha daktari. Nimechelewa? Na nikisema mbele ya ukoo, aweza kunishtaki kwa kumharibia jina?

JIBU: Dada, hujachelewa. Kenya haina muda wa mwisho wa kushtaki kosa zito kama hili. Ile miezi 12 watu wanayoitaja ni ya makosa madogo, ambayo kifungo chake hakizidi miezi 6. Lako limo katika kifungu cha 20 cha Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006, kinachohusu zinaa kati ya jamaa wa damu. Sheria iliyokuwapo kabla yake ilihesabu mjukuu, binti, dada na mama tu, mpwa hakuwamo. Hii inamtaja mpwa waziwazi, na aliyetendewa akiwa chini ya miaka 18, adhabu yaweza kufika kifungo cha maisha. Dadako naye amekosea: kifungu hicho kinakamata kitendo chochote cha aibu, si kuingilia peke yake.

Kuhusu cheti, kifungu cha 124 cha Sheria ya Ushahidi kinaruhusu mahakama kumtia mtu hatiani kwa neno la mwathiriwa peke yake, mradi hakimu aandike sababu za kuamini kwamba anasema kweli. Kazi yote iko hapo. Wakili wa mjomba atakuuliza mbona ulinyamaza miaka yote hiyo (asipouliza, hajui kazi yake). Lakini wewe hukunyamaza. Ulisema, ukanyamazishwa, na waliokunyamazisha wana majina. Usitegemee kwamba mjomba alikiri mbele ya wazee, kwani sheria yetu haipokei ungamo la barazani. Hutaka liwe mbele ya hakimu au afisa wa polisi mwenye cheo. Hata hivyo, wazee hao waweza kuitwa kueleza kwamba kikao kilikuwapo na nani alikiitisha, na hakimu ataelewa ukimya wako ulitoka wapi. Mbuzi hakufuta jinai. Maslaha, yaani suluhu ya wazee, hayana nguvu hiyo.

Kabla ya kwenda popote, keti uandike kwa mkono wako. Ulikuwa darasa la ngapi? Nani alilala chumba gani? Taa ilikuwa ya umeme au koroboi? Usipokumbuka kitu, acha wazi. Nimeona kesi ya kweli ikivunjika kwa sababu mlalamishi alibuni tarehe moja ili aonekane ana uhakika.

Kisha nenda kituo cha polisi, uombe dawati la jinsia, uandikishe taarifa na uondoke na nambari ya OB, yaani ya daftari la matukio la kituo. Ujue jambo moja: kesi ikishafika mahakamani, uamuzi wa kuiondoa ni wa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma. Mama hawezi kuifuta. Hata wewe huwezi.

Ukoo uwe wa pili, baada ya polisi. Kosa la jinai la kukashifu lilitupwa na Mahakama Kuu mwaka 2017, ila mjomba bado aweza kukudai fidia. Ukweli ni kinga yako, lakini utatakiwa wewe kuuthibitisha, kwa hivyo usianzie kwenye kundi la WhatsApp la familia. Fidia yako mwenyewe ni ngumu sasa: madai ya aina hii hupewa miaka 3, ikihesabiwa tangu ulipotimiza 18.

Mama amekupa habari ya nguo. Waswahili wana nyingine: mficha uchi hazai.

La watoto wa dadako lisingoje lolote kati ya haya. Leo hii piga 116, simu ya msaada kwa watoto, ni bure. Mwambie dadako, kwa maneno uliyoniandikia mimi, ni nani analala nyumba moja na wanawe.